Siku moja maishani mwangu: mbunifu wa lebo jijini Dar es Salaam

Saa 12:00 asubuhi

Wateja wangu wengi ni wajasiriamali wanaoamka mapema kuliko mimi, na hunitumia maagizo yao kwa sauti kwenye WhatsApp huku sufuria zikisikika nyuma yao. Ujumbe wa leo umetoka kwa mama mmoja wa Mbagala anayesaga karanga na kuuza siagi yake katika maduka ya mtaani, ambaye sasa ameahidiwa nafasi kwenye rafu za supamaketi. Anataka lebo mpya, anataka mkopo wake wa kikundi utumike vizuri, na mwishoni kabisa, baada ya kuniombea heri, anaongeza: "Na ile alama ya TBS uiweke tu, mwanangu, cheti kiko njiani." Nimemjibu shikamoo, nikamwomba afike ofisini mchana akiwa na kopo moja tupu na lingine lililojaa. Jambo la alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, halizungumzwi kwa simu.

Saa 2:00 asubuhi

Ofisi yetu iko Magomeni, chumba kimoja tunachopanga watu wawili. Saa ya kwanza naitumia kwa hesabu, kwa kuwa nimeona wabunifu wenye mkono mzuri kuliko wangu wakifunga biashara kwa sababu walikuwa wakichora mchana kutwa bila kudai. Kampuni moja imenilipa ankara yangu pungufu ya asilimia 5, na sina ugomvi nayo, kwani hiyo ni kodi ya zuio inayokatwa kwenye malipo ya huduma. Ninachodai ni cheti cha makato hayo, maana bila cheti hicho fedha hiyo haihesabiwi upande wangu nitakapokwenda TRA, kwa mamlaka ya mapato. Wengi hawadai, kisha hulalamika kwamba wametozwa mara mbili.

Barua pepe ya pili inatoka katika taasisi inayotafuta nembo. Inaomba kila mbunifu atume sampuli tatu zilizokamilika, na atakayependwa ndiye atakayelipwa. Nimewaandikia kwa heshima kwamba niko tayari kuwaonyesha kazi nilizowahi kufanya na kuwapa makadirio ya bei, lakini sichori kabla ya makubaliano. Nembo hutokana na kuuliza maswali: mnauza nini, kwa nani, itakaa kwenye mlango wa gari au kwenye mhuri wa raba? Sampuli iliyochorwa bila maswali hayo ni ubashiri, na mwenye kuilipia ubashiri anapunjwa hata kama amepata bei ya kutupa.

Saa 4:00 asubuhi

Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kopo la plastiki la gramu 400 analotumia mama lina kipenyo cha takriban sentimita 7, kwa hiyo mzunguko wake ni kama sentimita 22. Lebo ya urefu huo ikiwa bapa kwenye skrini hupendeza yote kwa pamoja, lakini ikishazungushwa, anayesimama mbele ya rafu anasoma vizuri theluthi moja tu. Jina, neno "siagi ya karanga" na uzito lazima vikae ndani ya sentimita 7 za mbele, na mengine yote yagawane pande mbili zilizobaki. Wanaoanza fani hii hukosea hapo: hupanga lebo kana kwamba ni bango.

Kisha yanafuata yale ambayo hayampendezeshi mtu: orodha ya viambato, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Tarehe naziachia kisanduku cheupe kisichopakwa vanishi, ili mhuri wa wino ukauke bila kufutika. Ukizichapa tarehe moja kwa moja, lebo zitakazobaki stoo zitamshawishi mwenye mali aendelee kuzitumia miezi miwili baadaye, na nisingependa kuwa nimemtengea kishawishi hicho. Maandishi madogo huyaweka katika wino mweusi peke yake. Yakichanganywa wino nne, karatasi ikisogea hata kidogo mashineni, kila herufi huota kivuli cha rangi na bibi mwenye miwani hawezi kusoma kama kuna chumvi ndani au hakuna.

Saa 6:00 mchana

Mama amefika. Tumesalimiana, amekunywa maji, tumeweka kopo mezani.

"Mama, cheti cha TBS kimefikia wapi?" nimemuuliza.

"Barua ya SIDO, wale wa viwanda vidogo, ninayo. TBS wamechukua sampuli, wanapima. Lakini mwenzangu wa mtaa wa pili ameshaiweka ile alama kwenye tomato yake, na hakuna aliyemgusa."

Nimemweleza kwamba alama ile si pambo la lebo. Mzalishaji hupewa leseni ya kuitumia baada ya bidhaa yake kupimwa, na kuitumia bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Lakini sheria si hoja ninayoanza nayo. Karanga ni miongoni mwa mazao yanayopata sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, kwa urahisi yakihifadhiwa na unyevu, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kukaanga nyumbani. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Anayenunua siagi kwa ajili ya uji wa mtoto hana maabara. Ana alama ile tu. Nikiichora kabla maabara haijajibu, basi mimi, ambaye sijawahi kuipima karanga hata moja, ndiye niliyemwambia mnunuzi kwamba ni salama.

Amenyamaza, kisha amesema jambo la haki: "Sasa nikichapa bila alama, na wiki ijayo cheti kikatoka, si nitazitupa?" Huo ndio wasiwasi wenyewe, na ni wa fedha, si wa udanganyifu. Mbunifu anayetoa mahubiri bila kulijibu swali hilo anamwachia mteja atafute mwingine wa kumchorea. Tumekubaliana kuacha kona ya chini kulia ikiwa na maelezo mafupi ya kuhifadhi bidhaa, kwa ukubwa uleule ambao alama itahitaji, ili siku leseni itakapotoka tubadilishe kona hiyo bila kugusa kitu kingine.

Msimbo wa mistari nao una hadithi yake. Alikuja na namba aliyoinakili kwenye pakiti ya biskuti. Namba zile hutolewa na GS1, shirika la kimataifa la misimbo hiyo, na zile za GS1 Tanzania huanza na 620. Ukitumia ya mwenzako, mashine ya keshia itasoma biskuti na bei ya biskuti. Ataomba yake. Wakati huohuo nimemkatalia mistari myekundu aliyoitaka ifanane na kifuniko, kwa kuwa visomaji vingi hutumia mwanga mwekundu, na mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa kwao. Upana wake wa kawaida ni milimita 37.29 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80, si zaidi.

Mwisho alitoa kanga mkobani na kuomba pindo lake lote lihamie kwenye lebo. Umbo la korosho ni la wote, limekuwa kwenye kanga za pwani kwa vizazi, na nimelikubali kwa furaha. Mpangilio wa pindo lile, pamoja na nukta zake na maua yake, una mwenyewe aliyeuchora, hata kama jina lake halikuandikwa popote. Nitachora korosho zangu.

Saa 8:00 mchana

Wali maharage, kisha kadi ya mchango wa harusi ya jirani. Ni kazi ya dakika arobaini, na wabunifu wakubwa huidharau, ilhali kodi ya chumba chetu hulipwa nayo kwa sehemu kubwa.

Saa 9:30 alasiri

Kariakoo, kwa wachapaji. Fundi amenionyesha bei mbili: lebo 5,000 kwa mashine ya ofseti, ambapo bei ya kila moja hushuka sana kwa sababu gharama ya kutengeneza sahani za kuchapia imegawanywa kwa wingi, na lebo 500 kwa mashine ya dijitali, ambapo kila moja ni ghali. Kwa mama, ghali ndiyo nafuu. Mia tano zitamtosha hadi leseni itoke, na hatabaki na mzigo wa karatasi zilizopitwa.

Pia kuna suala ambalo fani yetu hulizungumza chini kwa chini. Mchapaji humpa mbunifu chochote kwa kumletea kazi, na kazi ya lebo 5,000 ingeniletea kikubwa zaidi. Siamini kwamba kupokea ni dhambi, kwani kusimamia uchapaji ni kazi, lakini nimezoea kuiandika kwenye ankara kama mstari wake: ubunifu, uchapaji, usimamizi. Mteja akiiona, anaweza kuikataa na kwenda Kariakoo mwenyewe. Wachache huenda.

Tumetoa prufu moja, yaani nakala ya majaribio. Rangi ya kahawia iliyokuwa ikiwaka kwenye skrini imetoka imepooza, kama ilivyotarajiwa, kwa maana skrini hutoa mwanga na karatasi huurudisha tu. Nimepunguza wino wa samawati, tumetoa nyingine, ikakaa sawa.

Saa 12:30 jioni

Mkataba wa kurasa mbili. Nimeandika kwamba mama anapata haki ya kuitumia lebo na nembo popote na kwa muda wowote, akishamaliza kulipa, na kwamba atakabidhiwa faili la wazi, linaloweza kuhaririwa, si picha peke yake, kwa sababu sipendi kumfunga mteja kwangu kwa kumnyima mafaili. Nimemshauri asajili alama yake ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, na kwa kuwa shangazi yake anampelekea bidhaa Unguja, ajue kwamba usajili wa Bara hauvuki bahari. Zanzibar ina wakala wake wa usajili.

Saa 3:00 usiku

Amenitumia ujumbe wa sauti. Prufu ameipenda, dada yake ameuliza mbona hakuna TBS, naye amemjibu kwamba wanapima. Kisha ameuliza kama lebo hiyo inaweza "kuvutwa" itoshee kopo la gramu 800. Nimemwandikia kwamba haivutwi, kwani kipenyo kinabadilika na pamoja nacho kila kipimo, lakini kwa kuwa maneno na michoro ni ileile nitamfanyia kwa nusu ya bei ya ubunifu, kuanzia Jumatatu, akinitumia kopo.