Na Huyu Je?
Somo: Yohana 21:15–22

Petro ameshakula samaki na mkate kando ya ziwa, amepewa kazi ya kulisha kondoo, na kabla hata hajaianza anageuka nyuma. Anamwona mwanafunzi mwenzake, anauliza: "Bwana, na huyu je?" Yesu hamwelezi habari za mwenzake. "Imekupasa nini wewe? Wewe unifuate mimi."

Swali hilo limewavunja moyo wengi katika vikundi vyetu vya kupunguza uzito hapa Kisumu. Jumamosi mnapanda mizani: dada mmoja ameshuka kilo nne kwa wiki mbili, wewe gramu mia tatu. Kufikia Jumatano umesharudisha sukari kwenye chai.

Hizo kilo nne, tuseme ukweli, nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukikata ugali na chapati ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Ndiyo maana wiki ya kwanza hufurahisha na ya tano hununa. Tena aliyeanza na kilo 120 hushuka upesi kuliko aliyeanza na 78, maana mwili mkubwa hutumia nguvu nyingi hata ukiwa umekaa. Wanaume nao wana misuli zaidi. Mume anaweza kuacha soda tu akakupita, na inaudhi. Ongeza umri, siku za mwezi, na dawa zinazoweza kuongeza uzito kama insulini au prednisolone. (Usiache dawa kwa sababu ya mizani. Muulize daktari.) Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Mwenye kilo 90 akipunguza 4.5 tu, presha na sukari huanza kupata nafuu.

Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Basi jipime kwa haki: asubuhi, umeshatoka msalani, hujanywa chai, nguo nyepesi, mizani ileile juu ya sakafu ya simiti wala si zulia. Kujipima baada ya ibada, umevaa kitenge na umekunywa chai vikombe viwili, kutakuongezea kilo nzima ambayo si mafuta. Omena ya chumvi nyingi jana usiku nayo hushika maji. Chukua pia futi ya fundi cherehani, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, soma. Kiuno mara nyingi hupungua wiki ambayo mizani imekataa kusonga.

Lakini wiki nne zikipita na kiuno na mizani vyote vimekwama, usilaumu mwili kwanza. Tazama mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi, na mkono unaomimina kutoka kwenye mtungi haujui kijiko. Omena hukaangwa, kisha mchuzi wake ukaongezwa mafuta mengine: hapo umelipa mara mbili. Vikombe vinne vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, ni karibu gramu 50 za sukari kwa siku. Jaza nusu ya sahani kwa mboga za majani kama osuga, dek au sukuma, robo ugali, robo samaki au maharagwe. Tembea dakika 30, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini pambio linakushinda.

Wengine hukimbilia kufunga. Kufunga ili nguo itoshe ni kuruka chakula tu, na mwenye kisukari anayetumia dawa anaweza kuzirai kwa sukari kushuka.

Viongozi wa vikundi, acheni kusoma kilo za watu kwa sauti. Kila mtu aseme ametembea siku ngapi na amepika kwa vijiko vingapi. Hayo yako mikononi mwake. Wagalatia 6:4 inataka kila mtu aipime kazi yake mwenyewe.

Bwana, Jumamosi hii tupe kumpongeza aliyeshuka kilo nne bila kununa, na Jumatano utuzuie mkono kwenye kopo la sukari. Amina.