Dohani ya Tanuri la Mama

Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba kimbunga Kenneth kinakuja upande wetu, Mtwara nzima ilishikwa na hofu. Watu wa mabondeni na wa pwani waliambiwa wahamie sehemu za juu. Tulimtoa mama Mikindani tukampeleka kwa shangazi, Naliendele, naye njia nzima hakutaja nyumba wala vyombo. Alitaja dohani, ule mnara wa mawe unaotoa moshi wa tanuri juu ya paa.

"Ile ikidondoka, itaangukia tanuri," alisema. "Na tanuri likivunjika, mwanangu, mimi sina kazi tena."

Tarehe 25 kimbunga kiliingia Msumbiji, kwenye jimbo la Cabo Delgado. Wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma waliumia sana, na wengi wetu tuna ndugu huko. Sisi tulinusurika. Tuliporudi Mikindani dohani ilikuwa bado imesimama, lakini kuitazama ukiwa uani ilitia hofu. Ilikuwa imeinama kuelekea baharini, ina nyufa za kusimama kila upande, na ndani ya chumba cha tanuri doa la unyevu lilikuwa limeshuka ukutani hadi karibu na mdomo wa tanuri.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyingi za Mikindani. Mama amekuwa akioka mikate na skonzi kule uani tangu nikiwa sijaanza shule, kwa kuni za mkorosho zinazopatikana watu wakipogolea mashamba yao. Ada zetu zote zilitoka katika lile tanuri. Ndiyo maana sikuweza kusikiliza ndugu walioshauri dohani ibomolewe, liwekwe bomba la bati, mambo yaishe.

Ajabu ni kwamba dohani ile ilikuwa imetengenezwa miaka michache tu kabla. Chokaa ya zamani ilianza kumeguka kwenye viungo vya mawe, akaitwa fundi kutoka mjini. Akaivika lipu nzito ya saruji kutoka juu mpaka kwenye paa, akailainisha ikang'aa, na kila aliyepita aliisifia. Tangu hapo ndipo unyevu ulipoanza kushuka ndani, msimu hadi msimu.

Safari hii mama alimtaka mzee mmoja wa palepale Mikindani. Boma la Wajerumani, lile la 1895, lilipokarabatiwa, yeye alikuwa miongoni mwa mafundi walioshika mwiko. Nilimkuta barazani kwake, nikamwamkia, nikamweleza. Alikuja jioni ileile. Hakupanda hadi juu kabisa ya dohani. Alishusha timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima, kutoka kwenye ukingo wa paa, akagongagonga lipu kwa mpini wa nyundo akisikiliza, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, nani kaifunga hii?"

Akasema kazi ingesubiri Juni, mvua zikishakatika kabisa. Mvua zetu huanza kuelekea Desemba na kwisha Aprili au Mei, na chokaa mbichi haitaki mvua ya kuipiga wala jua kali la kuikausha haraka. Miezi ya kusi ndiyo yenyewe.

Kwa sababu nilikuwa likizo, niliomba niwe saidia fundi wake. Alinitazama mikono kwanza, halafu akakubali.

Siku ya kubomoa lipu nilielewa kila kitu kwa macho yangu. Tindo ilipopenya, saruji ilibanduka vipande vipana, na nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa. Ilikuwa Juni, mvua zilishakwisha zamani, na bado ukigusa unapata maji! Chokaa ya kwenye viungo ilikuwa imegeuka unga. Chumvi nyeupe ilikuwa imejipanga juu ya mawe, na jiwe lenyewe ukilikwaruza kwa ukucha linapukutika.

Mzee alinieleza akiwa ameketi juu ya jukwaa, miguu inaning'inia. Dohani hupigwa na mvua pande zote nne, hakuna upande wa kujificha. Kwa ndani inapata joto na moshi, na moshi wa kuni una mvuke wake, ambao ukifika juu penye baridi hugeuka maji yenye ukali yanayokula chokaa. Kwa hiyo dohani lazima ilowe. Cha muhimu ni iweze kukauka. Ukuta wa chokaa hunywa maji kidogo na kuyarudisha hewani. Saruji ikipata ufa mwembamba tu, maji huingia, kisha hayana pa kutokea. Yanabaki ndani na chumvi yake, na chumvi ikikauka hukua ikapasua jiwe.

"Tumbawe ni jiwe laini," alisema. "Ukilivika kitu kigumu kulishinda, kinachovunjika ni lenyewe."

Mama, aliyekuwa chini akipepeta unga, alidakia: ni sawa na kumvalisha koti la mvua mtu anayetoka jasho.

Tulibomoa hadi tukakuta safu zenye mawe mazima, kidogo juu ya paa. Mzee aliyashusha moja moja na kuyapanga uani kwa safu zake. Yaliyooza tuliyatupa. Mazima niliyaosha kwa maji baridi ya bomba mara nyingi, kupunguza chumvi. Ya kujazia tulipata kwenye kifusi cha ukuta ulioanguka kwa jirani. Hakutaka kusikia habari ya tumbawe bichi la baharini, wala chokaa ya kuchomwa kutokana nalo. Samaki wanazaliana mle, alisema, na alikumbuka mabishano ya wavuvi Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi ilipoanzishwa mwaka 2000. Chokaa tulinunua ya mifuko, akailoweka kwenye pipa wiki nyingi kabla ya kazi hadi ikawa laini na nzito.

Mchanga wa pwani aliukataa, kwa ajili ya chumvi. Nilitwanga vipande vya matofali ya kuchoma kwenye kinu kikuukuu, nikachekecha, unga wake mwekundu ukachanganywa na chokaa moja kwa mchanga tatu. Unga ule huisaidia chokaa kushika hata penye unyevu. Kwa ndani, moto unapopita, hakutumia chokaa kabisa. Alikandika udongo wa kichuguu na mchanga, kwa kuwa chokaa haivumilii moto mkali. Mikono yangu ilichubuka. Kila jioni mama alinipaka mafuta ya nazi bila kusema kitu.

Palipomchukua muda kuliko pote ni dohani inapokutana na bati. Fundi wa kwanza alikuwa amesiliba saruji tu, na bati likipata jua hutanuka, kwa hiyo ufa ulikuwa lazima. Mzee alichonga mfereji kwenye mawe, akapachika kipande cha bati kilichokunjwa, kikalalia kingine kilichotoka chini ya paa, kila kimoja kiko huru kusogea. Juu kabisa aliweka kofia iliyotokeza nje, chini yake akakata mchirizi ili maji yadondoke mbali na ukuta.

Kisha tukaifunika kwa magunia ya korosho, nikawa nayalowesha asubuhi na jioni. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa, taratibu. Mama alikuwa anauza maandazi ya kukaanga kwenye jiko la mkaa, wateja wanauliza mikate, naye ananiuliza mimi. Mzee alipomruhusu kuwasha, alimruhusu vijiti vichache tu, kesho yake vingi zaidi kidogo, hivyo hivyo mpaka udongo wa ndani ukakauka bila kupasuka.

Mvua za kwanza zilipokuja niliingia chumba cha tanuri na tochi. Ukuta ulikuwa mkavu, isipokuwa tone moja lililokuwa linatoka kwenye msumari wa bati. Mzee alikuja kuuziba mwenyewe, akakataa malipo, akachukua mikate. Kaka yangu alimuuliza kama sasa tunaweza kupaka rangi ya mafuta ili ipendeze. Mzee alimwachia ndoo ya chokaa nyembamba na brashi ya katani, akamwonyesha ngazi ilipo.