Mia tano ya mayai

Mwaka 2016 baba na kaka yangu mkubwa walikuwa wanaingia mwaka wa pili bila kusalimiana. Chanzo kilikuwa mashine ya mtumbwi. Baba alimwachia kaka aendeleze kazi ya dagaa, kaka akaiuza kimyakimya. Wazee wa ukoo walikaa mara mbili chini ya mwembe kuwapatanisha, na mara zote waliosema ni wazee. Wenye ugomvi walitazama vidole vya miguu yao.

Shangazi hakuitisha kikao. Tulikuwa na msiba Sengerema, na mwenye Noah (ya bosi wake) alikuwa kaka. Shangazi akapanga mwenyewe nani akae wapi. "Mdogo wangu, kaa mbele, miguu yako haikunjiki siku hizi." Mimi naye tukaingia nyuma. Kutoka Nyegezi hadi Kigongo iliongea redio tu.

Kigongo tukakuta foleni ya kivuko. Unazima gari, unashusha vioo, unasubiri zamu yako. Muuza mayai akasogea. Shangazi akaagiza manne, akajipapasa, akasema pochi kaisahau nyumbani. Baba akatoa noti ya elfu kumi. Kijana hana chenji, na mayai kashayamenya. Anayapasua kwa kisu, anajaza kachumbari, anadondoshea pilipili, huku anatutazama.

"Una elfu mbili?" Baba aliuliza akiwa anatazama mbele.

"Nina elfu na mia tano."

"Lete."

Mia tano iliyobaki baba aliipekua mfuko wa shati mpaka akaipata. Wakala bila kutazamana. Kwenye gari huhitaji kumtazama mtu, nadhani shangazi alilijua hilo kabla yetu wote.

Kivukoni abiria tulipanda kwa miguu, kaka akaingiza gari kisha akaja kusimama nasi ukingoni. Pa kuondokea hapakuwepo, chini ni ziwa.

"Ile hela ilienda hospitali, baba. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake."

"Ungesema."

"Ungekataa."

Baba alijifuta pilipili kwenye masharubu, taratibu mno kwa pilipili ndogo kama ile. "Mashine yenyewe ilikuwa inakunywa mafuta," akasema. Neno samahani sikulisikia kwa yeyote. Mpaka tunagusa Busisi walikuwa wanabishana bei ya dagaa.

Wakati wa kushuka upepo ukainua khanga ya shangazi. Pochi ilikuwa kiunoni, imefungwa barabara. Akanikata jicho, nikanyamaza.

Tangu Juni 2025 pale kuna daraja, kilomita 3 za lami juu ya maji. Juzi wadogo zangu wawili waliogombea kiwanja walikuwa waende na shangazi Sengerema, nami ndiye dereva. Shangazi akaniambia tupitie Kamanga, tupande kivuko.

"Shangazi, darajani ni dakika chache tu."

"Ndiyo maana."