Susana ana mwili wake

Leo nimezitazama tena picha mbili za kisa kimoja: Susana, yule mwanamke wa kitabu cha Danieli katika Biblia ya Kikatoliki, anayeoga bustanini huku wazee wawili wakimvizia. Ya kwanza ni ya mchoraji wa Italia, Tintoretto, ya karne ya 16. Susana wake anajitazama kwenye kioo, ngozi inang'aa, ametulia tuli kana kwamba hana adui duniani, nami najikuta nikimchungulia pamoja na wale wazee. Ya pili ni ya mwaka 1610, kazi ya Artemisia Gentileschi, msichana wa miaka 17. Hapa wazee wamemwinamia kwa juu, wananong'onezana, naye amejipinda juu ya benchi la jiwe, uso umejaa karaha, mikono imeinuka kuwakinga. Yuko uchi vilevile. Lakini mwili huu una mwenyewe.

Kwa hiyo hunikera nikisikia kwamba sisi wafeministi tunachukia picha za uchi. Mimi nazipenda mno! Kinachoniuma ni nani aliruhusiwa kumtazama nani. Akademia ya Kifalme ya London, chama na shule ya wasanii, ilipoundwa mwaka 1768, wachoraji Angelica Kauffman na Mary Moser walikuwa miongoni mwa waasisi. Mchoraji Johan Zoffany alipowachora wanaakademia wamekusanyika mbele ya mwanamume aliyevua nguo, wanawake hao hakuwapa nafasi chumbani. Aliwatundika ukutani kama picha. Wanafunzi wa kike wa hapo walisubiri hadi 1893 kumchora mwanamume hai, tena akiwa amefunikwa kiunoni. Bila somo hilo, zile picha kubwa za historia zilizoleta heshima ungezichoraje?

Suzanne Valadon, mchoraji wa Ufaransa, alipitia mlango mwingine. Alikuwa akikaa achorwe na wachoraji Renoir na Toulouse-Lautrec, akawa anaangalia wanavyofanya, akajifunza. Mwaka 1931, akiwa amevuka miaka 60, alijichora kifua wazi: nywele fupi, mkufu shingoni, midomo imefumba, macho makavu. Kuna wenzangu wanaoshikilia kwamba hata picha kama hii humezwa na macho yaleyale ya zamani ya wanaume. Hoja yao naiheshimu. Ila kwa Valadon siikubali: nimeikagua picha ile kila pembe, na hakuna mahali anapomwomba mtazamaji ampende.