Mfupa wa mbuzi kwenye mashine ya mawe: nilivyojifunza kusoma seli shina

Mashine niliyojifunzia haikununuliwa kwa ajili ya seli. Hapa Lubumbashi ukisikia mtu ana mashine ya Raman, inayotambua vitu kwa mwanga wa leza, ujue anapima malakiti, jiwe la shaba, na mawe ya kobalti. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa biolojia ya tiba, na mada ya kazi yangu ya mwisho ilikuwa namna ya kutambua aina za seli shina, zile ambazo bado zinaweza kugeuka seli za aina nyingine, bila kuziua wala kuzipaka rangi.

Mdogo wangu ana selimundu. Kwetu Katuba tunasema tu "ni SS", na jirani anaelewa yote: usiku wa maumivu ya mifupa, maji ya kunywa kila saa, blanketi mbili mwezi wa sita baridi inapobana. Nilipokuwa mwaka wa pili nilijifunza kwamba mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliripoti msichana aliyepandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu, na selimundu yake ikapona pamoja nayo. Seli shina za damu za mtu mwingine zilikuwa zimeishika kazi. Toka siku hiyo swali halikuniacha: seli ya thamani namna hiyo unaijuaje kwamba ndiyo yenyewe?

Kwa hadubini peke yake, nyingi zinafanana. Kwa kawaida maabara hutumia kingamwili zenye rangi, zinazong'ang'ania protini fulani juu ya seli. Seli shina za mesenkima, zile zinazozaa mfupa na mafuta, kwa mfano, zinatakiwa ziwe na protini ziitwazo CD73, CD90 na CD105, na zisiwe na CD34 wala CD45. Njia hii ni nzuri na ina kasi. Lakini alama nyingine ziko ndani, na ili kuzifikia inabidi seli ikazwe kwa dawa na utando wake utobolewe. Seli uliyoijua namna hiyo imeshakufa, huwezi kumpa mgonjwa. Na kutojua ni hatari vilevile: seli zile zinazoweza kuwa kitu chochote, kama alizozitengeneza Shinya Yamanaka kutoka seli za ngozi za panya mwaka 2006, zikibaki chache ndani ya tiba zinaweza kuota uvimbe.

Raman inaiuliza seli kwa mwanga. C. V. Raman alionyesha jambo hili Kolkata mwaka 1928: ukimulika kitu kwa mwanga wa rangi moja, karibu wote unarudi ulivyokwenda, ila chembe moja hivi ya mwanga katika milioni kumi inarudi imebadilika rangi kidogo, kwa sababu molekuli iliyoguswa ilitikisika. Kila kifungo cha kikemia kina mtikisiko wake, kwa hiyo mwanga uliorudi unachora mstari wenye vilele, na kila kilele kina mwenyewe. Maji hayapigi kelele humo, ndiyo maana seli inaweza kupimwa ikiwa hai ndani ya mchuzi wake, yaani maji ya lishe inamooteshwa.

Nilikwenda kwa mkuu wa maabara ya mawe Ijumaa jioni.

"Papa, naomba nafasi kwenye mashine. Nataka kupima mfupa."

"Mtoto wangu, hapa tunapima madini."

"Ndiyo, papa. Mfupa nao una madini ndani yake."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema nije Jumamosi.

Nilikuwa na sababu ya kuomba mfupa. Seli shina ya mesenkima inaweza kuwa mfupa, mafuta au gegedu. Ikishika njia ya mfupa inaanza kuweka haidroksiapatiti, madini ya mfupa ya jamii ya apatiti, na fosfeti yake inatoa kilele kwenye 960, mahali ambapo hakuna msongamano. (Namba hizi ni mawimbi kwa kila sentimita.) Ikishika njia ya mafuta, inajaa matone, na vilele vya 1300, 1440 na 1655 vinapanda. Nikasema, seli shina sina, lakini mfupa na mafuta viko jikoni. Nikivifahamu hivyo kama ninavyofahamu sauti za watu wa nyumbani, nitaweza kusoma michoro ya seli iliyochapishwa na wengine bila kubahatisha.

Nilianza na mawese. Vilele viwili virefu vikasimama karibu na 1155 na 1525, na mafuta yenyewe hayakuonekana vizuri chini yake. Ilikuwa karotenoidi, ile rangi nyekundu ya mawese, inayojibu leza kwa nguvu kuliko vyote vilivyo jirani nayo. Nikaleta mafuta ya alizeti ndani ya chupa ndogo ya dawa. Sasa mstari ukainuka kama kichuguu kipana. Nilibadilisha muda wa kupima na umbali, nikafuta lenzi, kichuguu kikabaki palepale. Mchana ulipita hivyo, hadi nilipopima chupa tupu na kukiona kichuguu kilekile. Kumbe kioo cha kawaida kinawaka chenyewe chini ya leza ya nanomita 785! Nilikuwa nimesoma kwamba wanaopima seli huziotesha juu ya kwatzi au floridi ya kalsiamu, vitu ghali, nikadhani ni anasa za maabara tajiri. Siku hiyo nilielewa. Nikakunja karatasi ya alumini ya kupikia ikawa kisahani, nikadondosha tone moja. Kilele cha 1440 kikatoka safi.

Mfupa ulinichukua Jumamosi tatu. Ule wa kwanza ulikuwa na nyama na mafuta, ukang'aa hadi mstari ukawa mlima mtupu. Niliukwangua kwa kisu, nikauloweka kwenye hidrojeni peroksidi ya duka la dawa, nikauanika dirishani wiki nzima. Umeme ulikatika mara mbili, na kila uliporudi nilianza upya na kipande cha silikoni, kuhakikisha kilele chake kiko karibu na 520, yaani mashine inasoma sawa. Halafu nikaweka mfupa, nikabonyeza, nikasubiri. Mstari ulikuja polepole, una mwinamo bado, lakini kwenye 960 kulikuwa na mti mmoja umesimama wima. Nilimwita papa. Akainama, akakiangalia, akasema, "Apatiti."

Baada ya hapo kusoma michoro ya seli kulikuwa kazi nyingine kabisa. Niliona kwamba seli shina ya kiinitete haina kilele chake peke yake cha kujitambulisha. Kinachobadilika ni uwiano: alama za asidi nukleiki (DNA na RNA) hupungua dhidi ya protini seli inapoanza kuchagua njia, na tofauti ni ndogo kiasi kwamba lazima hesabu za kompyuta zichambue seli nyingi. Na hapo kasi ndiyo inayoumiza. Kupima seli moja kunaweza kuchukua sekunde kadhaa hadi dakika, wakati mashine ya kingamwili inapitisha maelfu kwa sekunde moja. Niliyaandika hayo bila kuyapamba. Niliongeza sura fupi kuhusu kupima mchuzi badala ya seli, maana seli zisizochagua njia hutumia glukosi kwa wingi na kuacha laktati, nawe hujagusa hata moja.

Siku ya kujitetea, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza kama nimewahi kupima seli shina hata moja. Nilijibu hapana. Kisha nikaweka ubaoni mchoro wangu wa mfupa juu ya mchoro uliochapishwa wa seli zilizooteshwa ziwe mfupa, vilele vya 960 vikiwa vimepangana. Alivitazama kwa muda, akaniuliza nilivyosafisha mfupa. Tulizungumza juu ya peroksidi dakika kumi.

Niliporudi kushukuru, mfupa wangu ulikuwa kwenye droo ya sampuli, kando ya malakiti, ndani ya mfuko wa plastiki. Papa alikuwa ameuandikia lebo kama anavyoandikia mawe yote, madini kwanza, kisha mwamba, kisha mahali: Apatiti. Mbuzi. Katuba.