Nilivyopima umumunyifu wa klorobenzini katika maji

Kupima umumunyifu wa chumvi, yaani kiasi kinachoweza kuyeyuka majini, ni kazi nyepesi: unakoroga, unachuja, unakausha, kisha unapima uzito wa kilichobaki. Klorobenzini, kimiminika chenye pete ya benzini na atomi moja ya klorini, haikubali njia hiyo, kwa kuwa ukiikausha nayo inapaa pamoja na maji. Tena inayoyeyuka ni kidogo, takriban miligramu 500 kwa lita kwenye nyuzi 25 za Selsiasi.

Wengi huanza kwa kutikisa chupa kwa nguvu. Mimi nilichagua kukoroga polepole. Mtikiso huisambaratisha klorobenzini kuwa vitone vidogo mno, ambavyo huelea majini muda mrefu bila kuonekana. Mashine ya kupimia haijui kipi kimeyeyuka na kipi ni kitone. Inahesabu vyote, na namba inapanda juu ya ukweli. Kabla ya kuchukua sampuli nilimulika chupa kwa mwanga mwembamba wa leza gizani. Njia ya mwanga ikionekana ndani ya maji, ujue vitone bado vimo, na chupa hiyo iache itulie.

Chupa zenyewe nilizijaza maji yaliyokenekwa hadi kwenye kizibo. Ukiacha hewa juu, sehemu ya klorobenzini huhamia huko. Vizibo vilikuwa na utando wa Teflon, maana mpira mtupu huinyonya. Niliandaa chupa kadhaa kwenye beseni la maji lenye kidhibiti joto, nikawa nafungua moja moja kwa siku tofauti mpaka namba zikaacha kupanda. Hapo ndipo maji yameshiba.

Kuchota sampuli kunataka mkono mtulivu. Klorobenzini ni nzito kuliko maji, hivyo inalala chini, lakini utando wake mwembamba unaweza kubaki juu pia. Nilishusha sindano huku nikisukuma hewa kidogo itoke, nikachota katikati, nikamwaga matone ya kwanza. Sampuli iliingia papo hapo kwenye kichupa cha heksani, kimiminika kinachoivuta klorobenzini kutoka majini, kilichokwisha kupimwa uzito. Mizani naiamini kuliko alama za sirinji.

Kisha kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke ili kigunduzi kipime kila moja. Kigunduzi cha kunasa elektroni, alichokibuni James Lovelock mwaka 1957, kinasifiwa sana kwa halojeni (klorini na jamii yake), ila kwa klorini moja tu kwenye pete ya benzini hujibu kwa unyonge. Kwa klorobenzini nilitumia kigunduzi cha mwali, kinachoichoma sampuli na kupima ioni zinazotokea.

Diklorobenzini, zenye klorini mbili kwenye pete, ndizo zilizonivutia zaidi; namba zake huonyesha klorini zimekaa wapi. Ile ya 1,2 ni kimiminika na hufika karibu miligramu 150 kwa lita. Ya 1,4, yenye atomi zilezile, haizidi sana 80. Tofauti kubwa inatokana na fuwele: ya 1,4 ni yabisi hadi nyuzi 53, na maji lazima yaibomoe kwanza. Kwa hiyo chupa zake nyingine nilizishibisha kwenye nyuzi 30, nikazirudisha 25 na kusubiri ziada ijitenge. Namba ya kutoka juu ilipokutana na ya kutoka chini, niliiandika.

Heksaklorobenzini, yenye klorini sita, sikuijaribu kwa chupa. Huyeyuka kwa mikrogramu chache tu kwa lita, na mwongozo namba 105 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, unaelekeza njia ya safu kwa chochote chenye umumunyifu chini ya miligramu 10 kwa lita: maji hupitishwa taratibu kwenye punje zilizopakwa dutu yenyewe, hakuna cha kukorogwa.