Sinia la ubwabwa na mkutano wa Jumanne

Mwaka 2017 nilipata kazi kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, mitaa ya Posta. Nilipewa kusoma na kujibu barua pepe za wateja wa nje, kwa sababu bosi aliona B ya Kiingereza kwenye cheti changu cha Kidato cha Sita akaridhika. Na mimi niliridhika. "Yesterday" naijua, "tomorrow" naijua, "the day after tomorrow", maneno manne ambayo kwetu ni keshokutwa tu, naijua. Kubadilisha saa ndiyo kabisa. Mtu aliyekulia Dar simu yake inaandika 10:00, mdomo wake unasema saa nne, wala hahesabu vidole.

Kilichonipiga mweleka ni vijineno vidogo, vile ambavyo hata mtoto wa darasa la tano anadhani anavijua.

Kulikuwa na mteja wa Uingereza, makontena yake mawili yako baharini. Tulikubaliana kuongea kwa video Alhamisi, saa nne asubuhi kwao, saa saba mchana kwetu. Ilikuwa Januari, na kipindi hicho tunawatangulia kwa saa tatu. Wao wakishasogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi, tunawatangulia mbili tu, mpaka Oktoba. Sisi hatugusi saa mwaka mzima, kwa hiyo anayeteseka kukumbuka ni mimi. Basi Jumatatu jioni, nimeshabeba begi, ikaingia barua ya mstari mmoja: "Thursday's call has been brought forward by two days, same time."

Nikamgeukia bosi. "Bosi, wamesogeza mbele siku mbili. Sasa ni Jumamosi."

Bosi akashukuru Mungu, maana Alhamisi alikuwa na wageni wa posa.

Kesho yake saa saba kamili kompyuta ikaanza kuita. Nilikuwa na chapati mdomoni. Nikabonyeza kupokea, na mbele yangu wakatokea watu watatu wamevaa suti, karatasi zimepangwa mezani, wananisubiri nimeze. Bosi yuko Kariakoo kwenye foleni. Nikawaambia yuko njiani, jambo ambalo kwa Dar ni kweli wakati wowote. Wakangoja dakika ishirini, wakaaga kwa adabu ile inayouma kuliko matusi.

Bosi aliporudi alisoma ile barua mara mbili, akavua miwani. "Mwanangu, hiyo B ulipewa au uliokota?"

Jioni nikavuka na pantoni kwenda Kigamboni nimenyamaza. Nilikuwa nimetafsiri sawasawa! "Forward" ni mbele. Uchaguzi ukisogezwa mbele, mtihani ukisogezwa mbele, harusi ikisogezwa mbele, kila Mswahili anajua imeahirishwa. Siku za mbele ni siku zijazo. Sasa Jumanne imetoka wapi?

Jibu nililipata nyumbani, kwenye mkeka. Sinia la ubwabwa na samaki lilikuwa limewekwa kule kwa watoto. Shangazi akasema, "Hebu lete mbele hapa hilo sinia, mbona mmelitupa huko?" Nikalivuta. Nikabaki nimeshika ukingo wake, shangazi ananitazama kama nimepandwa na kitu. Nimelileta mbele, na limekuja karibu yangu. Mwingereza hakuandika "imesogezwa", aliandika "imeletwa". Mkutano ulikuwa kule Alhamisi, akauvuta kuja kwetu tuliokaa Jumatatu. Neno la kwanza nililiruka, la pili nikalidaka kwa mbio.

Tangu siku hiyo nikikutana na "bring forward" naliona sinia linakuja. Nikikutana na "push back" naliona linasukumwa kurudi kwa watoto, yaani limeniwia mbali zaidi, tarehe imeahirishwa. Hiyo nayo ni mtego, maana ukiitafsiri neno kwa neno utasema tarehe imerudishwa nyuma, na kwetu kurudisha nyuma ni kuiwahisha. Yaani wao na sisi tunapishana kote kuwili. Chini ya ofisi yetu kulikuwa na mzee wa Kihindi, muuza vipuri, yeye alisema "prepone", yaani kuwahisha, kinyume cha "postpone". Neno hilo linatumika sana India, na ukilitumia kwa Mwingereza anaweza kukukodolea macho. Mimi naona ndilo lenye akili kuliko yote.

Baada ya hapo nikawa na kaunta buku. Kila kijineno cha wakati kilichonitia wasiwasi nilikiandika na sentensi nzima iliyokibeba, kwa sababu kikiwa peke yake hakisemi kitu.

"By" na "until" zilinila siku nyingi. Sisi tuna mpaka, imetosha. Mteja akaniandikia anataka nyaraka "by Friday", nami nikamjibu kwa kujiamini: "I will send them until Friday." Akajibu kwamba kutuma mara moja kunatosha. Nilimwahidi kwamba nitakuwa namtumia nyaraka kila siku, bila kupumzika, hadi Ijumaa! Ukiangalia vizuri Kiswahili nacho kinatofautisha, ila kazi hiyo kimempa kitenzi. "Mpaka Ijumaa nitakuwa nimetuma" ndiyo "by": jambo limekwisha kabla siku haijapita. "Nitakuwa natuma mpaka Ijumaa" ndiyo "until": jambo linaendelea. Siku hizi nikitaka kuandika naisema kwanza kwa Kiswahili chenye "nime" au "na", halafu ndipo nachagua.

"In an hour" nayo niliisoma "ndani ya saa moja", nikakaa na simu mkononi kuanzia dakika ya kwanza, hata chooni sikwenda. Kumbe ni baada ya saa moja. Ndani ya saa moja ni "within". Na "on time" na "in time" zote kwetu ni kuwahi, lakini pantoni linaloondoka saa yake limeondoka "on time", na mimi niliyekimbia nikaruka ndani geti likifungwa nimefika "in time". La kwanza ni la ratiba, la pili ni la kuponea.

Si kila mahali tumezidiwa. Meli ikitia nanga saa nane za usiku, mteja anaandika "Tuesday night", nami sijui ni usiku upi hasa, maana saa nane ya usiku kwenye kalenda yake tayari ni Jumatano. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumatano, hakuna wa kubishana. Nilijaribu kumfasiria mmoja, akaipenda, akaendelea kuandika "Tuesday night".

Kwa hiyo nikaacha ujanja. Kila barua yenye siku au saa naijibu kwa tarehe: Jumanne tarehe kumi na nne, 10 a.m. London, 1 p.m. Dar es Salaam, sawa? Wengine wanaona nasumbua. Bosi alikuwa wa kwanza kulalamika kwamba naandika kama karani wa mahakama, na wa kwanza kuacha kulalamika.

Mwaka jana tukapata kijana mpya, mwepesi, Kiingereza chake cha kutoka shule za kulipia. Siku ya tatu akaja mezani kwangu anatabasamu.

"Kaka, yule mteja wa mashine kasema anataka mzigo utoke ndani ya 'fortnight'. Nimemjibu hamna shida, arobaini ni nyingi."

"Arobaini ipi?"

"Si 'forty nights', kaka?"

"Kumi na nne, kaka. Wiki mbili."

Nikavuta droo, nikamtolea kaunta buku.